Bahasha Iliyofukizwa Udi

Lebo ya kwanza niliyoandika kwa mzigo wa kwenda nje ilinichukua dakika kumi na mbili, na nikaikosea. Niliandika jina la mteja mahali pa jina langu. Mhudumu wa kaunta aliitazama, akacheka, akanipa fomu nyingine, na akanitoza fomu mbili.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba cha juu katika nyumba moja ya Mji Mkongwe, nyuma ya soko la Darajani, na nilikuwa nimeanza kuuza kofia mtandaoni. Kofia za mkono, si za cherehani. Zinashonwa na wanawake: kitambaa cheupe kinachorwa kwa penseli, kinatobolewa matundu madogo, na kila tundu linazungushiwa uzi mpaka likaze. Kofia moja inaweza kula miezi miwili. Wateja wangu wengi walikuwa watu wetu waliokwenda kuishi mbali, wanaotaka kwenda sala ya Idi na kitu cha kwao kichwani.

Aliyeshona, na aliyekusanya kazi za wenzake, alikuwa dada yake mama yangu, mama mkubwa wangu, anayeishi Makunduchi, huko shamba. Mama yangu alikufa nikiwa mdogo, na yeye ndiye aliyenilea pamoja na mwanawe wa pekee. Mwanawe na mimi tumelala mkeka mmoja mpaka tumeota ndevu. Yeye alikwenda Uingereza, akaosha magari, akaosha vyombo, mwisho akaendesha basi. Mimi nilibaki na kuuza kofia za mama yake.

Mwanzo kazi ilikwenda hivi. Kila wiki nilikwenda Makunduchi kuchukua kofia. Nilizirudisha mjini, nikazipiga picha, nikazikunja, nikazitia kwenye boksi, nikaandika jina na anwani mara tatu: mara moja juu ya boksi, mara moja kwenye fomu, na mara moja kwenye kipande cha karatasi nilichokitia ndani, ili boksi likichanika mtu ajue mali ya nani. Nyuma niliandika jina langu na nambari yangu ya simu. Kisha nilipanga foleni. Kofia sita zilinila siku nzima, na sehemu nzuri ya faida ilibaki kaunta.

Nilianza kupunguza. Naeleza kwa mpangilio kwa sababu baadaye niliulizwa, na nikajikuta nazihesabu hatua hizi mwenyewe kama mtu anayetafuta funguo alikoziangusha.

Kwanza niliacha maboksi. Kofia ya mkono inakunjika ikalala bapa, na bahasha ngumu inalipiwa kidogo kuliko boksi. Pili, ofisi ya usafirishaji ilianzisha utaratibu mpya: ukijaza taarifa mwenyewe kwenye simu na ukaja na lebo yako imeshachapwa, unapunguziwa, na huhitaji kusimama foleni. Unaiacha bahasha pembeni mwa kaunta, mashine inasoma ile mistari myeusi, basi. Tatu, niliacha kile kipande cha karatasi cha ndani. Niliona ni kazi ya bure, kwa kuwa lebo ya kuchapa haifutiki kwa maji kama wino wa kalamu.

Kuhusu printa nilikwenda kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya ofisi, duka la baba yake na la babu yake, ambalo limejaa karatasi mpaka yeye mwenyewe anakaa mlangoni. Alinionyesha mashine ndogo kama tofali.

"Hii haina wino, yakhe," alinambia. "Inachapa kwa joto. Wino hununui mpaka unakufa."

"Na karatasi?"

"Karatasi yake mwenyewe. Lakini sikiliza, nisije nikalaumiwa. Karatasi hii kama bibi harusi. Haitaki jua, haitaki jiko. Ukiitia joto inasawijika, inakuwa nyeusi."

"Bibi harusi wako nani alosawijika?" nilimuuliza.

"Wangu mimi! Miaka arubaini ananipikia. Nenda kamtazame."

Tukacheka. Mkewe, aliyekuwa ndani nyuma ya mapazia ya plastiki, alisema kitu kwa Kigujarati, na mzee akaacha kucheka. Nilinunua printa. Nilinunua pia rola kumi na mbili za lebo, kwa sababu ukichukua kumi na mbili bei inashuka, na nilichukua zile ndogo, kwa sababu ndogo ni rahisi zaidi. Kwenye lebo ndogo anwani ya mteja inaenea pamoja na mistari na nambari. Jina la mtumaji halienei. Niliona si kitu. Nani amewahi kuona mzigo unarudi?

Hatua ya mwisho ndiyo niliyojisifu nayo kuliko zote. Nilijiuliza kwa nini kofia ije mjini ndipo iende. Nikaanza kuchapa lebo za mwezi mzima asubuhi moja, nikazibandika juu ya bahasha tupu, na kwenye ulimi wa kila bahasha nikaandika kwa penseli kofia gani iingie. Furushi la bahasha nililipeleka Makunduchi mara moja kwa mwezi. Mama mkubwa alitia kofia, akafunga, na dereva wa gari la shamba aliyekuja mjini alfajiri, mara mbili kwa wiki, alizichukua na kuziacha ofisini. Siku moja ya kazi ikawa saa moja. Niliwahi kumweleza jirani yangu utaratibu huu kwa kalamu na karatasi, na akanambia ningefaa kuwa waziri.

Kitu kimoja sikukiweka katika hesabu. Nacho ni udi.

Mama mkubwa hawezi kutoa nguo nyumbani kwake bila kuifukiza. Nguo ya kuvaa mtu, iwe ya kuuza, iwe ya kupeana, haitoki ikiwa inanuka duka. Anaweka chetezo chenye mkaa chini, anatia udi, juu yake anasimamisha tenga la fito, na juu ya tenga anatandaza nguo mpaka moshi uingie. Kofia zote zilipita hapo tangu mwanzo. Wateja waliandika chini ya picha zetu: nimefungua bahasha nikawa nipo nyumbani, mke wangu ameinusa kofia akalia. Maneno hayo yaliuza kofia kuliko picha zangu. Nilikuwa nikiyasoma kwa sauti kwenye simu na mama mkubwa akisema, "Enhe. Wananambia nini tena?"

Kwa utaratibu mpya kofia zilikaa ndani ya bahasha siku mbili tatu zikisubiri dereva. Mama mkubwa akaona harufu itapungua. Basi alfajiri ya kuondoka akazifukiza tena zikiwa zimeshafungwa, bahasha juu ya tenga, dakika chache, kama anavyofukizwa mgeni anapoaga mlangoni. Hakunambia. Hapakuwa na cha kuambiwa, ndivyo vitu vinavyotoka nyumbani kwake.

Nilijua siku mhudumu wa kaunta aliponipigia simu. Msichana huyu, ambaye ndiye aliyenitoza fomu mbili, sasa tulikuwa tumezoeana.

"Kaka, njoo utazame bahasha yako. Mmeipika?"

Nilikwenda. Lebo ilikuwa na michirizi ya kijivu iliyopishana, sawasawa na fito za tenga. Niliinua bahasha puani na sikuhitaji kuuliza. Mashine ilikuwa imekataa kuisoma. Nilirudi chumbani, hatua mia tatu, nikachapa lebo nyingine, nikaibandika juu ya ile, nikairudisha. Kofia ikafika kwa mteja wake, na akaandika kwamba inanukia.

Hapo nilitakiwa kufanya jambo moja jepesi: kumpigia mama mkubwa na kumwambia, fukiza kofia, usifukize bahasha. Nilishika simu. Nikafikiri: nikimwambia lebo inaungua ataogopa kufukiza kabisa, na wateja wanataka ile harufu. Au atasema nije nibandike lebo mwenyewe baada ya kufukiza, na siku yangu nzima irudi nilikoitoa. Na rola nane bado zilikuwa kwenye kabati. Nikaona nitamwambia nikienda, ana kwa ana, kwa upole. Nilikwenda mwezi huo na mwezi uliofuata. Nilikula wali wake, nikampa bahasha, nikaondoka.

Bahasha nyingine mbili ziliungua. Zote mbili nilizirekebisha.

Katika miezi hiyohiyo mwanawe alipiga simu kutoka Uingereza kusema anaoa. Mwanamke alikuwa ameshaachwa, ana watoto wawili, na anamzidi miaka sita. Nilikuwepo, simu iko kwenye spika juu ya mkeka. Mama mkubwa alisikiliza mpaka mwisho.

"Fanya utakalo," akasema.

Kila aliyelelewa katika nyumba zetu anajua mama akisema fanya utakalo amesema nini. Mwanawe akasema, "Haya, mama," na simu ikakatika. Baada ya hapo walisalimiana kupitia kwangu. Yeye aliniuliza afya ya mama, mama aliniuliza kama huko kuna baridi.

Wanawake wa ukoo wetu wana jambo lao. Mtoto wa kiume akioa, mama yake humshonea kofia ya harusi kwa mkono wake mwenyewe, hata kama hajui kushona vizuri, hata kama ni mistari miwili tu ya uzi. Bwana harusi akitokea na kofia ya dukani, watu hawaulizi kitu. Wameshaelewa kwamba mama hakuridhia.

Siku moja nilimkuta mama mkubwa ana kofia mapajani ambayo sikuwa na oda yake. Matundu yalikuwa madogo mno, yamepangwa kama mbegu za papai. Yeye ndiye aliyeanza, bila kuinua macho.

"Kile kichwa chake kitakuwa kishanenepa?"

"Kichwa hakinenepi, mama mkubwa."

"Cha mtu asosikia kinanenepa." Alikaza uzi kwa meno. "Ntaongeza nusu kidole."

"Nimwambie?"

"Umwambie nini? Usimwambie kitu. Aifungue mwenyewe. Kama anazo akili ataona."

"Na kama—"

"Nshakwambia. Mie sina maneno ya kumpa. Maneno yangu haya hapa." Akainua kofia, akaitazama kwenye mwanga, akaishusha. "Na yule mwanamke wake nasikia anapika vizuri. Si watoto wale watapata baba? Haya basi. Kunywa chai yako."

Nilikunywa chai. Nilifurahi sana siku ile, na nakumbuka nilirudi mjini nikiona nimepewa kazi ya heshima. Harusi ilikuwa wiki tano mbele. Kofia ilimalizika zikiwa zimebaki wiki tatu na siku moja. Muda ulitosha, kwa kuwa bahasha zetu za Uingereza zilifika kwa wiki mbili.

Ningeweza kuipeleka mwenyewe kaunta. Ningeweza kulipia ile huduma ya haraka ambayo mtu anakwenda kugonga mlango na kutaka saini. Nililifikiria hilo, nikatazama bei, nikaona ni bahasha ile ile na ndege ile ile. Nilichapa lebo ya ndugu yangu pamoja na za wateja wanne wa mwezi huo, nikaibandika juu ya bahasha tupu, na kwenye ulimi nikaandika kwa penseli neno moja, "yake". Zote tano nikazipeleka Makunduchi.

Siku ya tano baada ya bahasha kuondoka nilitazama nambari za mizigo kwenye simu, kama nilivyotazama kila wiki. Za wateja wanne zilikuwa zimeshatoka Dar es Salaam. Ya ndugu yangu ilisema imepokelewa Zanzibar. Siku ya saba ilisema hivyo hivyo. Nilikwenda ofisini.

"Ile nyeusi?" msichana wa kaunta akasema. "Naikumbuka. Nlikupigia hukupokea, na gari la bandarini linasubiri. Nlisoma kwa macho, kwa kuiinamisha hivi, nikaingiza namba kwa mkono."

"Nyeusi kiasi gani?"

"Kaka, nyeusi. Zile za zamani zilikuwa na michirizi. Hii ilikuwa kama imepakwa masizi."

"Lakini imeondoka?"

"Imeondoka kwangu. Lakini huko mbele hakuna mtu wa kuinamisha, ni mashine tu. Ikikataa inatupwa kwenye kapu la zisizosomeka." Alinitazama. "Jina lako umeandika nyuma?"

"Hapana."

"Ndani umeweka karatasi ya anwani?"

"Hapana."

"Basi," akasema, na akachukua mzigo wa mtu aliyekuwa nyuma yangu.

Simu yake ile niliiona baadaye kwenye orodha. Alipiga mara mbili. Nilikuwa nimeizima sauti kwa sababu nilikuwa napiga picha za kofia.

Niliandika malalamiko Dar es Salaam, nikaandika Uingereza. Waliuliza alama za nje za bahasha. Nilijibu: bahasha ya rangi ya kaki, haina jina la mtumaji, lebo imeungua, inanukia udi. Alijibu mtu kwa adabu kwamba wataangalia. Nilifikiri kuhusu ghala lile nisilolijua, na mtu mgeni anayeokota bahasha, anainusa, anaitia kapuni tena.

Nilikwenda Makunduchi. Njia nzima nilikuwa na sentensi zangu zimepangwa. Nilimwambia bahasha imekwama. Aliuliza imekwama wapi, nikasema njiani. Aliuliza itafika kabla ya harusi? Nikasema inshallah. Nilimwomba anipe ruhusa nimwambie mwanawe kwamba kofia ipo njiani. Alikataa.

"Ukishamwambia si kofia tena, ni maombi ya radhi. Subiri."

Tulisubiri. Siku ya harusi picha zilikuja kwenye simu yangu mchana, na nilikuwa sijui nizifute au nizipeleke kwa mama yake. Ndugu yangu alikuwa amevaa kanzu nzuri. Kofia yake ilikuwa ya cherehani, ile inayouzwa kwa mafungu, na mshono wake unaonekana hata kwenye picha ya simu. Mkewe alikuwa akitabasamu kwa mdomo tu. Nadhani alikuwa ameshaambiwa maana ya kofia.

Nilimpigia kesho yake bila ruhusa.

"Mama alikushonea kofia," nilimwambia. "Kwa mkono wake. Miezi mitatu. Ilipotea njiani."

Nilisikia watoto wakicheza nyuma yake, na sauti ya mwanamke ikiwanyamazisha.

"Wewe biashara yako nini?" akaniuliza.

"Kofia."

"Unazituma wapi?"

"Unajua ninakozituma."

"Nnajua. Naangalia ukurasa wenu kila siku, ndipo mahali pekee ninapoiona mikono ya mama yangu. Wiki iliyopita kuna jamaa hapahapa mjini kwetu, mtaa wa pili na mimi, kaweka picha. Kaandika imefika, inanukia udi. Ya mtu wa mtaa wa pili imefika. Ya kwangu ndiyo imepotea?"

"Wallahi—"

"Usiape. Wewe ndugu yangu, unataka kunifunika aibu, nakushukuru. Lakini mama kama hakutaka hakutaka. Mwache."

"Lebo iliungua," nilisema. "Alifukiza bahasha, na zile lebo haziwezi joto."

"Na ya yule wa mtaa wa pili haikufukizwa?"

Kila jibu la kweli lingenitaja mimi. Ningeweza kusema: labda ilifukizwa kidogo, na nilijua tangu zamani kwamba zinaungua, na sikumwambia mama yako. Nilisema, "Sijui." Alinitakia siku njema kwa sauti ya mtu anayeongea na abiria.

Nilibaki na rola tano. Nilizitazama siku kadhaa, kisha nikaendelea kuzitumia, kwa sababu wateja walikuwa wanasubiri. Nilirudisha kipande cha karatasi cha ndani. Nilirudisha jina la nyuma, kwa kalamu. Kofia zikaanza kuja mjini tena kwanza, na mimi nikabandika lebo mwenyewe. Utaratibu huu unanigharimu asubuhi mbili kwa mwezi. Asubuhi mbili! Ndizo nilizokuwa nikizilinda.

Kumweleza mama mkubwa nilichelewa mpaka mwezi ukaisha. Nilimkuta barazani anatoboa kitambaa. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba, nikakaa. Nilimwambia bahasha haitapatikana. Nilimwambia lebo zile zinachapwa kwa joto, na joto likizidi zinasawijika, na ile ya mwanawe ilisawijika yote.

Aliacha sindano.

"Moshi wangu?"

"Si moshi. Joto la mkaa."

"Mkaa wangu, basi." Alifikiri. "Ile nliiweka sana. Zile nyengine nlizipitisha tu. Ile nliiacha mpaka udi wote ukaisha, nkatia tena. Nlikuwa namsomea dua."

Niliokota kipande cha uzi barazani, nikakizungusha kidoleni.

"Nimtengenezee nyengine?" akajiuliza, na mwenyewe akajijibu. "Kofia ya harusi haishonwi harusi ishapita. Itakuwa kofia tu."

"Atafurahi hata hivyo, mama mkubwa."

"Wewe umezungumza naye?"

"Nimezungumza."

"Kakuamini?"

Nilitikisa kichwa kukataa. Alichukua sindano tena, akatoboa matundu manne au matano, polepole, na nikadhani mazungumzo yamekwisha. Kisha akaniuliza bila kunitazama, kwa sauti ile ile anayoulizia bei ya samaki.

"Hebu nambie kweli. Miezi yote nimefukiza bahasha za watu. Kuna hata moja ilowahi kuungua kabla ya hii?"

Kulikuwa na tatu. Ya kwanza ningeweza hata kumwambia siku yake.

"Hakuna," nilimwambia.

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata hesabu aliyokuwa akiitarajia.

"Basi si mkaa," akasema. "Mkaa ungeunguza na za watu. Ni mie. Mkono ulishona, lakini moyoni sikuwa nimeridhia barabara. Mungu hakuipokea, kaizuia njiani."

"Mama mkubwa, usiseme hivyo. Ni karatasi tu."

"Karatasi zilikuwa tano, mwanangu. Nne zimefika." Alinisogezea sahani ya mihogo. "Kula, isipoe."

Nilikula. Tangu siku ile hafukizi kofia za kuuza wala za kupeana. Anasema mkono wake si wa kumfukizia mtu. Kofia anazileta safi, zimekunjwa vizuri, zinanuka kitambaa, na baadhi ya wateja wameandika kuuliza ile harufu imekwenda wapi. Nimewajibu kwamba tumebadilisha utaratibu.